Taka

Julai, Magubike. Baridi ya asubuhi
inauma vidole kabla kazi haijaanza.
Chini ya paa la jabali wamefunga kamba,
mraba kwa mraba, kama vitalu vya vitunguu,
nami nimesimama nje, kwenye chekeche,
shilingi elfu kumi kwa siku, na chai.

Jabali lina masizi
ya wachunga mbuzi wa juzi.
Chini ya masizi, majivu.
Chini ya majivu, udongo mwekundu usio na mwenyewe,
na hapo ndipo ndoo huanza kuwa nzito.

Nikitikisa, vumbi linakwenda na upepo
upande wa shamba la kina Lyelu,
vinabaki vijiwe: vyeupe kama chumvi ya mawe,
vyembamba kama ukucha wa mtoto,
na kingo zake bado zina nia ya kukata.
Ukivizoa kwa pupa vinakufunza adabu.
Kidole gumba changu kina alama tano,
tatu ni za Jumatatu peke yake.

Bwana Kihwele, aliyesomea mambo haya,
anavipanga juu ya turubai.
Hiki ncha ya mkuki. Hiki cha kukwangulia ngozi.
Hiki kilinatishwa kwenye mpini kwa ulimbo,
tazama weusi wake hapa kwenye kitako.
Kisha fungu lililobaki analisukuma
kwa ubavu wa kiganja, kama mtu afutaye makombo mezani:
"Haya ni taka. Andika taka."

Nikaandika taka.
Taka, ndoo ya kumi na nne.
Taka, ndoo ya kumi na tano.
Mpaka likaja bonge moja, ukubwa wa kiazi,
limegongwagongwa upande mmoja
mara saba, mara nane, palepale,
palepale pasipopasuka.
Pembeni, upana wa punje ya haragwe,
palikuwa na ukingo mzuri unangoja.
Hakuupiga.

Nilicheka peke yangu. Huyo namjua.

Mimi ni binti wa mgema ulanzi.
Mwanzi hukatwa ncha alfajiri, ukakatwa tena jioni,
kipande chembamba kama karatasi;
ukizidisha umeuua, ukipunguza hautoi tone.
Mwaka wangu wa kwanza niliua mianzi sita.
Baba hakunipiga. Alisimama nyuma yangu,
pumzi yake inanukia mtogwa,
akaushika mkono wangu pamoja na kisu,
akasema: Sogea kidogo.

Basi hapa pia palikuwa na mtu nyuma.
Sijui alisema kwa lugha gani,
sijui kama "kidogo" ilikuwa na neno lake.
Lakini bonge la pili, la ndoo ileile,
limegongwa mara nne palepale,
halafu mara moja pembeni,
na pembeni pamebaki kovu safi,
refu kama jani la mwanzi.
Kipande chenyewe nimekitafuta hadi saa tisa,
nimechekecha upya, nimepekua kwa kucha.
Hakimo.
Nadhani aliondoka nacho mbio,
akawaonyeshe.

Bwana Kihwele aliyageuzageuza mabonge juani,
akanyamaza, kisha akaniuliza
nimesoma hadi darasa la ngapi.
La saba, nikamjibu. Ila kisu nimekisomea.

Akaniachia kalamu.
Nimeandika tarehe, mraba, kina cha shimo.
Penye "aina" nimeacha wazi.

Mvua zikirudi mianzi itachipua.
Kalolo wangu atakuwa ametimiza miaka tisa,
mkono wake mzito kama ulivyokuwa wangu.
Nimeshamtengea mianzi ya kuua:
sita, saba hivi,
ile ya nyuma ya zizi.